Marinda ya Mawindoni

Sketi ile Muhsina aliishona siku mbili, na siku zote mbili alikuwa akimhurumia mwenye sketi.

Ilikuwa nzito, ya sufu, mirabaraba ya kijani na buluu iliyokoza. Marinda yote yamejazana nyuma; mbele imelala bapa kama ubao. Miba ya migunga ilikuwa imeutafuna upindo. Na upande mmoja ilikuwa wazi, toka kiunoni mpaka chini, imeshikizwa kwa vijikanda viwili vya ngozi na pini moja kubwa ya chuma. Aflah, mchumba wake, ndiye aliyeileta Jumamosi, kaifunga ndani ya gazeti. Alisema ni ya mke wa Mzungu wake wa kazini, kisha akatazama ukuta. Muhsina hakuuliza zaidi. Mtu anayekaa nyumba ya ami yake hujifunza kupunguza maswali.

Aliziba matundu. Akapiga pasi marinda, moja moja, ishirini na saba. Alipofika kwenye ule upande wa wazi alisita. Aliona mshono umefumka wote, na yule bibi wa Kizungu, maskini, anatoka nao hivyo hivyo, paja nje, mbele za watu. "Astaghfirullah," alisema peke yake. Akaushona. Akarejea juu yake uzi wa pili, na ndani akatia bitana ya bafta laini ya pamba, sufu isije ikamwasha mtoto wa watu. Fundi wa Unguja hatoi kazi nusu. Jumatatu asubuhi Aflah akaja kuichukua.

Jumanne, baada ya sala ya alasiri, Aflah alirudi na gazeti lile lile mkononi, sketi imo ndani.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, lakini ukaribie hapo hapo mlangoni," alijibu Bi Kheiria, mke wa ami, bila ya kuinua macho kwenye uteo wake wa mchele. Alikuwa kakaa kwenye mkeka ukumbini, katikati ya wachumba wawili, kama ilivyotakiwa. Fatiha ilikuwa imeshasomwa, pete imeshavalishwa, lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu, na Matrah ile ya Omani, mwaka sitini na nane, kila dirisha lilikuwa na jicho. Watu wale wale waliokimbia Unguja, wakateremka na mkoba mmoja mmoja, wameacha majumba na mikarafuu, walikuwa wameshaanza tena kuulizana nani ni mtoto wa nani. Dhiki haikuwafunza kitu.

Muhsina alijifunika leso vizuri akasogea. Alimtazama. Aflah alikuwa kakonda. Masikio na mashavu yamebabuka kwa jua, midomo imepasuka, na macho yake, yale macho ambayo kule Unguja yalikuwa yakimfuata toka mlango wa skuli mpaka mlango wa nyumbani, yalikuwa na uchovu wa mtu aliyebeba kitu asichoweza kukitua. Moyo wake ulimvuta kwake, kama kawaida yake. Akauzuia, kama kawaida yake.

"Muhsina, umeishona," alisema Aflah.

"Ndiyo kazi uliyonipa."

"Umeishona yote."

"Ulitaka niishone nusu?"

"Ule upande ulokuwa wazi... unatakiwa uwe wazi."

Bi Kheiria alicheka puani. "Bibi wa Kizungu anataka kupunga upepo."

"Nifumulie tu, tafadhali," Aflah alisema. "Naihitaji kesho asubuhi."

Punje za mchele zilisikika zikianguka kwenye uteo.

"Umesemaje?" Muhsina aliuliza, polepole.

"Nimesema nifumulie."

"Baada ya hapo. Umesema *naihitaji*. Hukusema *anaihitaji*."

Herufi moja tu ilikuwa imemponyoka Aflah, na kwenye herufi hiyo miezi mitatu yote ya kuficha ikamwagika.

"Mzungu wangu hana mke," alisema mwishowe.

Bi Kheiria aliuweka uteo chini.

"Haya," alisema. "Tuambie mwenyewe, au tungoje kuambiwa na watu?"

"Ni nguo ya kiume, Bi Kheiria. Kwao yeye, Uskochi. Babu zao wakivaa hivyo wakenda kuwinda milimani, na yeye hawezi kuwinda bila ya kuivaa. Na mtu wa kumchukulia bunduki naye huvaa. Ndiyo ada yao." Alimeza mate. "Mtu wa kumchukulia bunduki ndiye mimi."

"Wewe si tarjumani?"

"Siku ya kazi tarjumani. Siku ya mawindo nachukua bunduki, mwezi wa tatu huu."

"Ukivaa sketi."

"Nikivaa hiyo."

"Na juu?"

"Koti la sufu. Na soksi za sufu mpaka magotini, na kisu ndani ya soksi."

"Kisu ndani ya soksi! Na jambia je?"

"Jambia hana. Mbele hapa ananing'iniza mkoba wa manyoya."

"Wa nini?"

"Na mimi niliuliza. Mna biskuti."

Bi Kheiria alijiziba mdomo kwa ushungi, mabega yakamtetemeka. "Na swala mmewapata?"

"Hata mmoja. Kijani hicho, kwenye ile nyika ya Ghubra iliyokauka kama mkate? Wanatuona tokea mbali. Wanasimama wanatutazama, wakishiba kututazama wanakwenda zao."

Muhsina hakucheka. Alikuwa kaipakata sketi magotini, kidole kikipita juu ya mshono wake mwenyewe, ule alioushona kwa huruma. Alikuwa kamhurumia mwanamke ambaye hayupo.

"Umenidanganya," alisema.

"Nimekuficha."

"Umenidanganya, Aflah. Umeniletea kwa mkono wako, ukanitazama nikiipokea. Mimi nimeitilia bitana ili isimwashe mtu."

"Hainiwashi sasa," Aflah alisema kwa sauti ndogo. "Jana nilipojaribu kuiingia kwa kichwani, nikakwama, Mzungu akacheka mpaka akakaa chini, nlihisi ile bafta usoni. Nikajua ni mkono wako. Nlitamani nikae humo humo nisitoke."

Maneno hayo yalimpata Muhsina pale alipokuwa hakujikinga. Alitazama chini haraka.

"Kwa nini?" aliuliza. "Ungekataa. Ungesema mimi nina kanzu yangu."

"Nilikwenda na kanzu mara ya kwanza. Hakusema neno. Lakini karatasi ilikaa kwenye mtoto wa meza mwezi mzima."

"Karatasi gani?"

Aflah aliegemea mwimo wa mlango. "Sikutaka uijue mpaka niwe nayo mkononi. Umeshaahidiwa mara nyingi, Muhsina. Sikutaka niwe na mimi katika walokuahidi. Huyu Mskochi ana rafiki yake huko zinakoandikwa ruhusa za watu kuingia nchini. Nlimwambia: bwana, yupo mwanamke mmoja Mombasa, mjane, anakaa kwa watu, mtoto wake yuko hapa. Akaniandikia jina. Masouda binti Muslim. Imeshaandikwa, imebaki kutiwa mkono. Kesho ndiyo mawindo ya mwisho. Alkhamis anarudi kwao. Karatasi anakuja nayo kesho, garini. Na mimi natakiwa niwe nimevaa."

Mama yake. Muhsina alisikia jina la mama yake likitamkwa ukumbini mle, ambamo kwa miaka minne halikutamkwa ila kwa kunong'ona. Ndiye waliyekuwa wakimngoja. Siku ya posa Muhsina alisema neno moja tu, na hakulirudia: sitoingia chumba cha harusi bila ya mama kunishika mkono. Watu waliona ni deko la msichana. Aflah peke yake hakuona deko.

"Miezi mitatu," alisema Muhsina. "Ukivaa wapi? Ukivulia wapi?"

"Nyuma ya gari. Natoka kwetu na kanzu, navaa tukishapita mji, navua kabla hatujarudi. Nimejificha kama mwizi. Tena wajua kinachonikera? Si kuvaa. Yeye katoka kwao kwa miguu yake na kwao kupo, kunamngoja, na bado anakulilia huko kwao, anajifunga kwao kiunoni juani hapa mpaka anatoka malengelenge. Sisi tuso na kwetu hatuna hata kitambaa cha kulilia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Wallahi nimechoka, Muhsina."

Muhsina alitaka kumgusa. Pale pale, mbele ya Bi Kheiria na uteo wake, alitaka kuunyoosha mkono auweke juu ya shavu lile lililobabuka. Walitazamana. Bi Kheiria, ambaye naye aliwahi kuwa msichana, aligeukia mchele wake akatafuta jiwe lisilokuwepo.

Hapo ndipo mlango wa nje ulipofunguliwa kwa kishindo.

Ami Majid alikuwa ametoka barzani, na kilichomtoa barzani kabla kahawa haijesha si kidogo. Alikuwa na fulana na wizari yake ya nyumbani, ile shuka ya mirabaraba anayoifunga kiunoni tokea adhuhuri, kwa mkono mmoja kaishika isimfunguke kwa mwendo. Hakumtazama Aflah. Alisema na ukuta.

"Bakhit mwenye ngamia katoka Ghubra. Kakaa barzani, kamaliza vikombe vitatu, kisha kaniuliza mbele ya watu: Sheikh Majid, yule mkwe wako, ile aliyovaa ni nguo au ni nadhiri?"

"Ami..." Aflah alianza.

"Mimi si ami yako. Ami ni wa mwanamme. Watu wamecheka mpaka wamemwaga kahawa. Mimi, Majid, nicheke na nani? Nimetoka Unguja sina kitu. Jina tu nimetoka nalo. Na jina hilo leo limevishwa marinda! Siozi mimi mtoto wa kaka yangu kwa mwanamme wa marinda. Fatiha nairudisha."

"Fatiha hairudishwi kama sahani," Bi Kheiria alisema.

"Wewe chambua mchele!"

"Nachambua. Nimeona mawe mengi leo."

Aflah alisimama wima. Uchovu haukumtoka, lakini aliusimamisha pamoja naye. "Ni kweli nimevaa. Na kesho nna kuvaa tena, mara ya mwisho. Sababu yake anaijua Muhsina. Akisema nisiende, siendi."

"Muhsina hana la kusema!"

"Nnalo," alisema Muhsina.

Hakupaza sauti. Alinyanyuka, ile sketi mikononi, akaja kukaa katikati ya mkeka, chini ya mwanga wa mlango. Kwenye kikapu chake cha kushonea akatoa wembe. Akaukata uzi wa kwanza.

"Unafanya nini?" Ami Majid aliuliza.

"Nafumua, Ami. Nimekosea, nimeshona pasipo pake." Akakata wa pili. "Mwaka wa sitini na nne, tulipofika, nilikuomba ukamuombee mama ruhusa. Ulisema joto likipungua. Joto likapungua. Ulisema baada ya Mfungo Tatu. Mwaka wa sitini na tano ulisema yupo karani mmoja mnafahamiana, utamwona msikitini. Ulimwona msikitini Ijumaa ngapi, Ami? Mwaka juzi, siku mama aliyoandika kuwa sasa analala jikoni kwa watu, nlikusomea barua hapa hapa, ukaniambia, *mtoto wa Sheikh hasimami mlangoni pa karani*."

"Nlisema hivyo kwa sababu ya heshima yetu!"

"Naam. Na heshima yetu imekaa. Haikwenda popote." Wembe uliendelea, tik, tik, na kila uzi uliokatika ukaruka kama unywele. "Huyu kavaa marinda miezi mitatu kwa ajili ya shemeji yako. Nimeyahesabu mimi, ni ishirini na saba. Nimeyapiga pasi. Ukitaka kujua mwanamme wa marinda ni nani, niulize mimi."

Ami Majid alisimama na fundo la wizari yake mkononi. Uso wake ulikuwa umepauka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha Muhsina zaidi ya yote. Mtu mbaya ungemchukia ukapumzika. Huyu alimchukua Muhsina kwake, akamlisha, akampa pembe ya kuwekea cherehani. Alichoshindwa ni kuinama tu.

"Ruhusa hiyo," aliuliza, sauti imemshuka, "ina jina lake?"

"Masouda binti Muslim," alijibu Aflah. "Imebaki kutiwa mkono."

Kisha kiburi, ambacho ndicho mali pekee aliyotoka nayo kwao, kikamrudia Ami Majid.

"Nendeni mkafanye mtakavyo. Lakini kesho akipita mbele ya barza yangu na hilo vazi, salamu yake mimi siijibu. Na nisiyemjibu salamu, simwozi. Khalas." Akaingia ndani.

Aflah alishusha pumzi. "Ntazunguka kwa nyuma, Muhsina. Ntavalia garini, kama siku zote. Hatoniona."

"Hapana."

"Hapana nini?"

Muhsina aliukata uzi wa mwisho. Sketi ilifunguka magotini pake, upande mzima, kama ilivyotakiwa iwe tokea mwanzo. Ile bitana ya bafta hakuigusa. Akaikunja sketi kwa marinda yake, akamnyooshea, na vidole vyake vikakutana na vya Aflah chini ya sufu, pasipoonekana.

"Kwangu umenificha mara moja," alisema. "Mara ya pili sitaki. Vaa kwenu, utoke kwa mlango wa mbele, upite sokoni, upite barzani. Wape salamu. Kama ni nguo ya kukuonea haya, nione haya mimi nikiwa nakutazama. Nimechoka na mambo ya nyuma ya gari."

"Asipojibu?"

Bi Kheiria ndiye aliyeinuka, magoti yakimlia, akaiokota ile pini kubwa ya chuma iliyokuwa imesahauliwa mkekani, akampa.

"Jibu lolote lile, pini usisahau," alisema. "Upepo wa Ghubra hauna adabu."

*

Muhsina hakulala vizuri. Alfajiri aliposali alipanda darini na kikapu cha nguo, kisingizio, akasimama nyuma ya ukuta mfupi. Chini, mlangoni, barza ilikuwa imeshakaa. Wazee sita, dele la kahawa, tende kwenye sahani ya bati. Ami Majid kakaa mwisho wa benchi, wizari yake ya mirabaraba imemfunika magoti, tasbihi mkononi. Bakhit mwenye ngamia naye yuko. Alikuja mapema, kama mtu aliyewahi nafasi ngomani.

Aflah akatokea mwisho wa kichochoro.

Muhsina alikuwa kajiandaa kuona haya, na aliyaona, uso ulimwaka. Magoti! Magoti ya Aflah yalikuwa membamba, meupe kuliko uso wake. Koti la sufu limemkaa mabegani kama la kuazima. Ule mkoba wa manyoya ulimpiga mapajani kila hatua. Lakini marinda, ishirini na saba, yalikuwa yakenda nyuma yake sawasawa, yakifunguka na kufunga, na katika kufunguka ilionekana ncha ya bafta nyeupe. Hakuharakisha. Alitembea kama mtu anayekwenda mbali na hana haja ya kuwahi.

Mirabaraba miwili, Muhsina aliwaza pale juu. Mmoja umekaa, mmoja unakwenda.

Aflah alifika mbele ya barza, akasimama.

"Assalaam alaykum."

Hapana aliyejibu. Bakhit alikuwa na kicheko mdomoni lakini kwanza alimtazama Majid, na wote walimtazama Majid, kwani barza ilikuwa yake. Tasbihi ilisimama. Muhsina alishika ukuta. Kuku alipita katikati ya wanaume wale na akatokea upande wa pili, na bado hapana aliyesema. Alimwona Aflah akiinamisha kichwa kidogo, akigeuza bega kuondoka, na alijua kuwa yeye hatomlaumu ami yake kwa kelele, hatolia, atateremka tu akafunge kikapu chake cha kushonea, kwani nguvu za kungoja zilikuwa zimeshamwisha.

"Wa alaykum salaam," ilisema sauti ya Ami Majid.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyeamshwa. Aflah aligeuka.

"Soksi yako ya kushoto imeteremka," aliendelea Ami Majid, akitazama tasbihi yake. "Ukiwa unavaa, vaa sawa. Mkwe wa mtu hatoki nyumbani hivyo."

Aflah aliinama, akaipandisha soksi mpaka gotini. Barzani hakucheka mtu. Bakhit aliomba tende.

Muhsina alikaa chini pale pale darini, mgongo kwenye ukuta, kanzu za watu zikiwa hazijaanikwa. Hakujua kama karatasi itakuwamo garini. Hakujua kama itatiwa mkono. Alisikia hatua za Aflah zikiendelea kwenye mawe, bila ya haraka, kuelekea lilikongoja gari, akazisikiliza mpaka zikaisha. Kisha, kwa mara ya kwanza tokea alipomwacha mama yake, akafumba macho mchana kweupe, akapitiwa na usingizi.